Kabureta ya Johnson ya babu: nifungue mizunguko mingapi?

Swali: Mzee fundi, pokea salamu kutoka Mbita, huku Ziwa Victoria. Babu ametuachia injini ya boti aina ya Johnson, nguvu za farasi kumi, ya miaka ya 1950. Kwenye kibati imeandikwa QD, na tenki lake la chuma lenye mpira wa mirija miwili bado tunalo. Asubuhi inawaka bila taabu. Ikienda polepole inatoa moshi mwingi na kuzima, na nikiipa mafuta yote inakimbia kama dakika moja kisha inalegea. Mbele ina vishikio viwili vya kuzungusha, kimoja cha mwendo wa polepole, kingine cha kasi. Fundi wa hapa ufuoni ameniambia nikifunge cha kasi kidogo kidogo ili isile petroli. Kila kimoja nikifungue mizunguko mingapi? Halafu binamu yangu wa Kilifi anaitamani. Tukimpa, atalazimika kubadilisha chochote?

Jibu: Kijana wangu, nianze na ulichouliza. Kishikio cha polepole, mzunguko mmoja na nusu. Cha kasi, kati ya robo tatu na mzunguko mmoja kamili. Hesabu hiyo inaanza pale sindano iliyo mwisho wa kishikio inapogusa kiti chake ndani ya kabureta. Igusishe kwa vidole viwili tu, kisha uanze kufungua ukihesabu. Ukiikaza kama nati ya gurudumu unaichonga mfereji shingoni, na sindano yenye mfereji hairekebishiki tena. Itoe uipitishe ukucha; ukihisi pete imekatika pale inapoanza kuwa nyembamba, tafuta nyingine.

Kwa namba hizo injini itawaka na kukufikisha mahali pa kuirekebishia. Haitakufikisha Mfangano. Unaweza kuishia mahali tofauti kabisa na hapo, na injini ikawa nzima.

Huo ushauri wa kukifunga cha kasi, usiuthubutu. Injini yako ni tustroki, oili yake inachanganywa na petroli tenkini, haina oili nyingine chini kama gari. Kila tone la oili linalofika kwenye pistoni na beringi limebebwa na petroli. Ukipunguza petroli umepunguza na oili, na wakati huohuo moto ndani unazidi ukali, kwa kuwa mchanganyiko wenye hewa nyingi unaunguza vibaya. Pistoni ya aluminiamu inavimba upesi kuliko silinda ya chuma, nafasi kati yao inaisha, injini inanoki, yaani pistoni inakwama. Hila yake ni kwamba kabla ya kunoki huwa tamu. Moshi unakauka, sauti inanoga, kasi inapanda kidogo, na mwenyewe anaona amepata dawa.

Mimi nililijua hilo kwa gharama yangu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na ushei, nimepewa injini ya mchuuzi mmoja wa mbuta niitengeneze, nikaibana kishikio mpaka ikaimba. Tulitoka Dunga ikiimba, tukapita boti zote za omena, mwenye injini akanipiga bega kwa furaha. Baada ya nusu saa hivi sauti ikapanda nyembamba, kisha ziwa likawa kimya. Tulirudi kwa makasia mpaka jua limeinama, na pistoni zile nilizilipa kwa miezi.

Ukitaka kuokoa petroli, rudisha mpini nyuma. Injini ya farasi kumi ya aina hii, ikifunguliwa mpaka mwisho, inakunywa takriban lita nne kwa saa. Boti la mbao lililobeba nyavu na watu watatu haliongezi mwendo wa maana kutoka robo tatu ya mpini hadi mwisho. Linaongeza mawimbi tu.

Na kwa kuwa tumetaja oili: usiichanganyie kama injini mpya za jirani zako. Wanaochanganya hamsini kwa moja wanafanya sawa kwa injini zao, maana hata kampuni ya Johnson ilihamia hamsini kwa moja kwa injini zake nyingi kuanzia zile za mwaka 1964. Ya kwako ni ya kabla ya hapo, nayo inataka ishirini na nne kwa moja. Kwa mtungi wa lita 20 za petroli hiyo ni oili kama mililita 830, wakati ya hamsini kwa moja ingekuwa mililita 400. Tumia oili ya injini za boti, ile yenye maandishi TC-W3 kwenye chupa. Ile ya tustroki za pikipiki imetengenezwa kwa injini zinazopozwa kwa hewa, na ya bodaboda za kisasa haihusiki hapa hata kidogo. Ukishabadilisha kipimo cha oili, kabureta nayo irekebishwe upya, maana oili ikizidi ndani ya lita moja, petroli imepungua ndani ya lita hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Umenieleza magonjwa mawili, na unataka kuyatibu kwa dawa moja. Moshi na kuzima polepole, hilo ni la kabureta, tutalifikia. Lakini injini inayokimbia dakika moja kisha ikalegea, kwanza mimi nashuku tenki. Kabureta ina kibakuli kidogo cha akiba. Petroli isipokuja kwa wingi unaotosha, injini inakunywa ile akiba, kina kinashuka, nguvu zinaisha. Ukiipunguzia mwendo kibakuli kinajaa tena, nayo inaonekana imepona. Si ndivyo ilivyo?

Johnson za aina yako hazikuwa na pampu ya petroli. Ndiyo maana mpira wako una mirija miwili: mmoja unapeleka hewa kutoka tumbo la injini hadi tenkini, hewa inaisukuma petroli, na petroli inarudi kwa mrija wa pili. Tenki lisiposhika hewa, petroli haiji. Gasketi ya kifuniko imekauka kama ngozi ya ng'ombe, au mpira umepasuka pale unapokunjwa, au vijilango vya hewa kwenye injini vimekwama kwa masizi. Jaribio ni rahisi. Mweke mwenzako karibu na tenki, fungua mafuta yote, na mara tu injini inapoanza kulegea abonyeze kile kitufe cha juu ya tenki unachotumia kuvuta petroli kabla ya kuwasha, abonyeze mfululizo. Ikishika nguvu tena, umeshapata mwizi na kabureta haina hatia. Paka maji ya sabuni kwenye kifuniko na maungio yote uone mapovu yanatokea wapi. Na ukifungua kifuniko cha tenki hilo likiwa limeshiba hewa, kifungue polepole, uso ukiwa mbali, na pasiwe na sigara wala jiko karibu.

Watu wengi wa ziwani wanalitupa tenki hili na kuunga mtungi wa kawaida wa mrija mmoja wenye mpira wa kubonyeza. Hauwezi kufanya kazi hivyo hivyo, kwa sababu hakuna kinachovuta. Utabonyeza mpaka kidole gumba kife ganzi. Ukitaka mtungi wa kisasa, lazima uongeze pampu ndogo inayoendeshwa na mapigo ya tumbo la injini, na hiyo kazi mpe aliyewahi kuifanya.

Kama kulegea kunakuja baada ya dakika kumi badala ya moja, hapo waza joto. Gugu maji letu linapenda kuziba matundu ya kuvutia maji, na impela ya mpira, ile inayosukuma maji ya kupoza, ikikaa miaka bila kufanya kazi inakakamaa mabawa yakiwa yamelala. Injini iliyochemka inalegea vilevile, na nimeona kabureta ngapi zikifunguliwa bure kwa sababu hiyo sijui.

Kabla hujagusa vishikio, hakikisha pia plagi zote mbili zinatoa moto. Zile Champion J6C zinaifaa injini hii, mwanya wa milimita 0.75 hivi. Pointi za kuwashia moto, zilizo chini ya gurudumu la juu, ziwe na mwanya wa milimita 0.5, safi, bila grisi. Koili za umri huu hupasuka gamba lake. Ukiona nyufa, badilisha. Silinda moja ikiwa haichomi, hakuna kishikio kitakachokusaidia, na moshi utaendelea kuwa mwingi kwa kuwa petroli ya silinda ile inatoka jinsi ilivyoingia.

Kisha ishushe kabureta uisafishe. Ndani utakuta boya la gamba la kizibo, tuliloliita floti sisi wa gereji. Hili ndilo mchawi wa injini nyingi za babu. Rangi yake ya kinga ikichubuka, linafyonza petroli, linakuwa zito, halielei inavyotakiwa, nalo linaacha petroli ifurike. Matokeo yake ni hayo unayoyaona: moshi, plagi zilizolowa, kuzima kila inapopunguziwa mwendo, na kishikio cha polepole kisicho na jibu hata ukikigeuza vipi. Likandamize kwa kidole. Likitoa unyevu, au rangi imechunika, lianike siku kadhaa mpaka likauke kabisa, kisha ulipake supaglu nyembamba pande zote uliache ligande. Ukilirudisha, pindua kabureta juu chini: boya lilale sambamba na ukingo wa bakuli, lisiinuke wala kuzama. Matundu yapulize kwa hewa ya kompresa na dawa ya kusafishia. Usitie waya. Tundu la jeti likipanuka kidogo tu, umetengeneza kabureta nyingine ambayo hakuna kitabu kinachoijua.

Kila sindano inapita ndani ya nati ndogo yenye pakingi. Watu huisahau hii. Nati ikilegea, hewa inaingia pembeni na mtikisiko unaizungusha sindano yenyewe. Utarekebisha asubuhi, na ukifika Rusinga imeshajigeuza. Ikaze mpaka kishikio kiwe kigumu kidogo mkononi lakini bado kinageuka.

Haya, sasa twende majini. Nasema majini kwa sababu nimeona vijana wakizirekebisha ndani ya pipa. Kuangalia kama inawaka na kutoa maji, pipa linatosha. Kurekebisha kasi, halifai: propela inayachafua maji yale kuwa povu, haipati kitu cha kusukuma, moshi wake unarudi juu na kuvutwa tena na kabureta. Injini iliyorekebishwa pipani inafanya kazi vizuri pipani.

Nenda asubuhi kabla upepo wa ziwani haujaamka, mkiwa wawili, mmoja wa usukani na mmoja wa vishikio, na majaketi ya kuokoa maisha mkiwa mmeyavaa, yasilale sakafuni. Funga boti kwenye gogo kwa kamba imara. Weka vishikio kwenye zile namba za kuanzia, washa, iache ipate joto dakika tano. Tia gia ya mbele, punguza mpaka mwendo wa chini kabisa inaoweza kuuhimili.

Shika kishikio cha polepole. Kukigeuza kama mshale wa saa ni kukifunga, yaani kupunguza petroli. Fikiria uso wa saa ya ukutani: kutoka namba 12 hadi namba 3 ni robo ya mzunguko. Wewe geuza nusu ya hiyo robo tu, kisha uondoe mkono. Subiri sekunde kumi, hata kumi na tano. Hapa ndipo subira inapowashinda watu. Tumbo la injini bado lina mchanganyiko wa zamani, na mpaka uishe hujui ulichofanya. Anayegeuza bila kusubiri anazifuata sauti za dakika iliyopita, na atazunguka hivyo mpaka adhuhuri.

Endelea kufunga nusu ya robo, usubiri, nusu ya robo, usubiri. Mwanzoni sauti itakuwa nzito, yenye kugugumia, na moshi. Polepole itanyooka. Ukipita kiasi, itapiga chafya: mlipuko mdogo, pah, kutoka mdomoni mwa kabureta. Ukiisikia mara moja hutaisahau. Hiyo ndiyo injini ikikuambia ina njaa. Fungua robo nzima kurudi nyuma, mara nyingi hapo inatulia. Sasa fungua mpini ghafla. Ikipiga chafya wakati wa kupanda, ongeza kidogo tena. Ikigugumia na kutema moshi ndipo ipande, umezidisha.

Fungueni kamba, mtoke mahali peupe pasipo nyavu wala magugu. Mzigo uwe wa kawaida yenu, maana boti tupu inakudanganya. Fungua mafuta yote, acha ishike mwendo wake. Funga kishikio cha kasi nusu ya robo, subiri sekunde ishirini, sikiliza. Itapanda kasi kidogo kidogo hadi kilele, halafu ukifunga tena itaanza kushuka kama mtu anayevutwa shati kwa nyuma. Usiisubiri inyamaze. Papo hapo fungua urudi kwenye kilele, kisha uzidi nusu ya robo nyingine, mpaka sauti ishuke uzito kidogo tu. Uiache hapo, chini kidogo ya utamu wake wote. Ule uzito mdogo ndio oili yako. Rudi uiangalie ya polepole tena, kwa sababu viwili hivi vinagusana.

Baada ya robo saa ya mwendo wa kweli, zima bila kuiacha ikanguruma polepole kwa muda, toa plagi uzitazame. Ukiona rangi ya chai ya maziwa iliyokolea au kahawia, lala usingizi. Nyeusi na mbichi, petroli nyingi. Nyeupe kama chokaa, fungua cha kasi kabla hujaiwasha tena.

Kama yote yamekaa sawa na bado inajikwaa pale unapoanza kuongeza kasi, angalia kamu iliyo chini ya gurudumu la juu, ile inayosukuma mkono wa kabureta. Ina alama. Mlango wa kabureta unatakiwa uanze kufunguka pale kirola kinapofika kwenye alama, si kabla wala baadaye. Umri unakula kirola hicho.

Sasa Kilifi. Johnson zilikuwa zikiundwa Waukegan, mji ulio kando ya Ziwa Michigan kule Marekani, na ziwa hilo liko kama mita 176 juu ya usawa wa bahari. Ziwa letu liko mita 1,134. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya kule kwa takriban asilimia 9, na kwa hiyo injini iliyopangiwa kwa namba za kitabu inakuwa na petroli ya ziada hapa. Sehemu ya moshi wako inatoka huko, na usishangae ukimaliza ukiwa umefunga zaidi ya namba nilizokupa. Nguvu nazo zinapungua kidogo, hilo halina dawa ya kishikio.

Akiishusha Kilifi na vishikio vikiwa vimekaa kama ulivyoviweka Mbita, hewa nzito ya baharini itaikuta petroli ni haba, na hapo tunarudi kwenye ile injini yangu iliyoimba. Kwa hiyo kabla hajaiwasha afungue vyote viwili kwa robo, kisha arekebishe upya akiwa majini kama nilivyoeleza. Kinyume chake, ungeipeleka Naivasha, mita karibu 1,890, ingefuka moshi na kugugumia, lakini haingeharibika.

Mwambie pia kwamba injini hii imezoea maji matamu maisha yake yote. Kila ikitoka baharini aiwashe kwenye pipa la maji ya bomba dakika kumi, ndiyo kazi hasa ya pipa, kisha achomoe mpira wa petroli na kuiacha imalize iliyobaki kwenye kibakuli mpaka izime yenyewe.